Wazee wa Akiba Waondolewe Kilimani

Kwa Katibu,
Kamati ya Kanuni,
Chama cha Vita vya Mezani.

Ndugu Katibu,

YAH: KIKOSI CHA WAZEE WA AKIBA NA UMBO LA MRABA

Kwanza nakupa pole kwa kazi yako ya kusoma barua za wanachama, maana najua wengi wetu tukishinda hunyamaza na tukishindwa huandika. Mimi si mtu wa kulalamika. Ninatunza ghala la vipuri, na huko kazini mimi ndiye ninayelalamikiwa. Kwa hiyo ukiona nimeshika kalamu, ujue maji yamenifika shingoni.

Malalamiko yangu yanahusu Kanuni ya Kumi na Nne, yaani kikosi cha Wazee wa Akiba, hasa wakipangwa katika umbo la Mraba. Naomba kikosi hiki kipandishwe gharama, kipunguzwe nguvu, na ikiwezekana kistaafishwe.

Nasikia Kamati imepata wajumbe wapya ambao bado wanadhani askari wetu ni mapambo ya kabati. Kwa faida yao naeleza kwa ufupi. Mchezo wetu unachezwa mezani kwa visanamu vya askari, kila kimoja urefu wa kidole gumba, vilivyopakwa rangi kwa mkono. Kila mchezaji anapewa pointi elfu moja za kununulia jeshi. Kikosi kizuri ni ghali, kikosi kibovu ni rahisi, na hapo ndipo haki ya mchezo ilipo. Vikosi vinasogezwa kwa kupimwa na tepu, vinapigana kwa dadu, na kinachozidiwa hufanya kipimo cha moyo: unarusha dadu mbili, na zikizidi namba ya ushujaa wa kikosi hicho, kinakimbia. Mwisho wa zamu ya sita, mwenye kushikilia daraja ndiye mshindi.

Wazee wa Akiba hawakimbii. Kanuni inasema, nanukuu: "Wazee wa Akiba hawafanyi kipimo cha moyo maadamu wamesimama pale walipopangwa mwanzo wa mchezo." Mwisho wa kunukuu. Gharama yao ni pointi sitini. Kwa pointi sitini hizo hizo, Ndugu Katibu, mimi napata Vijana wa Mikuki, ambao wakisikia mwenzao amekohoa wanaulizia njia ya kurudi nyumbani.

Mpinzani wangu ni baba yangu mzazi. Chamani mnamwita Mzee Lifti, kwa sababu alitengeneza lifti za mji huu mpaka alipostaafu. Tangu mama afariki anaishi peke yake ghorofa ya nne, katika jengo ambalo lifti yake imekufa. Anasema ubovu wenyewe ni mdogo, ila lile si jengo lake la kazi, na fundi hagusi lifti ya mwenzake bila kuitwa. Basi anapanda ngazi na goti lake bovu. Mwezi wa pili mshonaji wa ghorofa ya tatu alimkuta ameketi kwenye ngazi, mfuko wa vitunguu mapajani, na vitunguu vingine vimemtangulia chini. Akamwambia anapumzika. Mshonaji alikuwa anatoka kula chakula cha mchana, naye Baba alikuwa ameondoka sokoni asubuhi.

Mimi na mke wangu tunakaa nyumba ya chini, isiyo na hata kidaraja kimoja cha ngazi, na tuna chumba kinachotazama uani ambacho kazi yake ilikuwa kuhifadhi pasi mbovu. Nilikwenda kwa Baba kumweleza habari ya chumba hicho. Lakini katika familia yetu mambo mazito hayasemwi uso kwa uso, hupitia mezani. Hata binti yangu anaitwa jina alilolitaka babu yake, kwa sababu siku hiyo farasi wangu walitumbukia mtoni. Basi nikangoja tupange majeshi, Baba akiwaweka Wazee wake juu ya kilima cha mezani kama kawaida yake, ndipo nikagusia chumba, kwa mbali, kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Baba hakuinua macho. Akasema, "Siku utakayowaondoa Wazee wangu kilimani, na mimi nitaondoka hapa."

Niliyaandika maneno hayo katika shajara yangu, tarehe 3 Machi, yasije yakageuzwa. Tangu hapo tumecheza kila Jumamosi, na mpaka naandika barua hii Wazee wapo kilimani, wamenyooka kama siku waliyotoka kiwandani. Ndipo naleta malalamiko yafuatayo.

1. Gharama. Nimefanya tathmini ya kila kikosi nilichowahi kukipeleka kwenye kilima kile. Wapanda Farasi Wazito, pointi mia na hamsini, walipiga mara moja kwa kishindo, wakazidiwa, wakakimbia hadi pembeni mwa meza; mbio za sakafuni huishia ukingoni, nao waliishia kwenye kiti. Ukuta wa Ngao, pointi mia na kumi, ni mgumu mbele kama jiwe, lakini ukiguswa ubavuni unalainika. Wapiga Mishale, pointi themanini, waliwarushia Wazee mishale mchezo mzima, akaanguka mmoja, na huyo naye ni kwa sababu mjukuu alitikisa meza. Baba akamsimamisha. Hawa wote ni ghali kuliko Wazee. Ghalani kwetu, kipuri kisichoharibika kikiuzwa rahisi kuliko kile kinachovunjika kila wiki, wakaguzi wanakuja na kufunga mlango. Mtaniuliza kwa nini nami nisiwanunue. Kanuni yenu inasema ni jeshi moja tu mezani linaloruhusiwa kuwa na Wazee, na mchezaji mwenye umri mkubwa ndiye anayechagua kwanza. Nimejaribu kila njia, Ndugu Katibu, lakini kumzidi umri baba yako ni kazi. Napendekeza pointi mia moja na arobaini.

2. Umbo la Mraba. Kila umbo lina raha yake na karaha yake. Safu ndefu inaona mbali lakini ina mbavu. Kabari inapasua mbele, lakini ikikwama haina mgongo. Mraba hauna ubavu wala mgongo, kila upande ni uso, na Kamati ikaona adhabu yake iwe kwamba Mraba hausogei. Nauliza kwa heshima zote: adhabu hiyo ni ya nani? Kumwadhibu asiyetaka kusogea kwa kumkataza asisogee ni kama kumwadhibu samaki kwa kumtupa mtoni. Nilimweleza Baba hoja hii. Akasema Mraba ni umbo la akili kwa sababu ndilo umbo la lifti, kuta pande zote na aliye ndani haanguki. Nikamwambia lifti kazi yake ni kusogea. Akasema, "Siyo hii yetu." Naomba Mraba ukikaa zamu tatu mahali pamoja uhesabiwe kuwa ni jengo, na ulipiwe kodi.

3. Heshima. Kifungu cha pili cha kanuni kinasema kikosi cha vijana kikifika umbali wa shubiri moja kutoka kwa Wazee, kipunguze mwendo kwa nusu. Sababu iliyoandikwa ni kwamba penye wazee haliharibiki neno. Methali ni jambo zuri, hata mimi nazitumia, lakini methali si hesabu. Vijana wangu wanafika kilimani polepole kama watu wanaoingia kwenye msiba, na wanapigwa wakiwa bado wanasalimia. Tena nimesoma kitabu chote cha kanuni, hadi kurasa za matangazo ya rangi, na sijaona kifungu kinachowataka Wazee nao wawasikilize Vijana. Naomba kiwekwe. Kijana aliyepanda mlima, akapunguza mwendo, akavua kofia, asikilizwe kwanza walao zamu moja, ajulikane alichokuja kusema.

4. Wameona Mengi. Kwa kifungu hiki Wazee wanaruhusiwa kurudia dadu moja kila zamu, kwa madai kwamba wameshaona mengi. Mengi yapi? Tarehe 21 Aprili nilirusha dadu nzuri ambazo sijazirusha tena tangu hapo. Wazee watatu walipaswa kulala. Baba akasema Wameona Mengi, akarudia, hakulala hata mmoja. Nikamwomba anitajie jambo moja tu walilokuwa wameliona. Akasema, "Wamekuona wewe unakuja." Nauliza tena, Ndugu Katibu: hiyo ni kanuni au ni masimango? Naomba mambo yaliyoonwa yaandikwe kabla ya mchezo, yatiwe saini, na jambo likishatumika mara moja lifutwe. Mtu hawezi kunikumbusha kila Jumamosi kwamba nilipokuwa mdogo niliogopa kuingia kwenye lifti.

5. Afya. Kitabu chenu kinahesabu upepo. Kinahesabu matope, moshi na giza. Hakihesabu goti. Wazee wanasimama kilimani mchezo mzima hawana maji, hawana pa kukaa, hawana hata mtu wa kuwauliza wamelalaje. Naomba kila kilima kihesabiwe kuwa na ngazi, na ngazi hizo ziwe bila taa. Naomba kila zamu kikosi cha Wazee kirushe dadu ya goti. Wakishindwa, waketi hapo hapo walipo hadi jirani atakapopita. Na kama jirani huyo siku hiyo hakutoka, kama mshonaji amekwenda kununua vitambaa mji mwingine, basi naomba kanuni ieleze wazi ni nini kinatokea, maana mimi nimejaribu kuiandika sehemu hiyo na sikuweza.

6. Ndugu. Hapa ndipo penye kiini. Kwa mujibu wa kanuni za sasa, kikosi cha Wazee hakina ndugu. Hakuna popote wanapotajwa watoto wao, na hali Wazee hawaanguki kutoka mbinguni. Napendekeza kila kikosi cha Wazee kiandikishwe na mtoto wake mmoja mwenye mamlaka. Mtoto huyo akifika chini ya kilima akatangaza kwamba chumba kiko tayari, kimepakwa rangi ya kijivu kama milango ya lifti, kina kitanda kisichoinuka juu na meza ya kutosha majeshi mawili, basi Wazee wateremke bila dadu kurushwa. Wakikataa, watoe sababu, na sababu hizi zisikubaliwe: kwamba "hapa nimezoea", kwamba "mama yako alilipenda dirisha hili", kwamba "nisije nikawasumbua." Hii ya tatu ndiyo mbaya kupita zote, na napendekeza atakayeitaja akatwe pointi hamsini papo hapo.

7. Kurudi nyuma. Naomba mabadiliko haya yaanze kutumika tangu tarehe 3 Machi, ili michezo yote tuliyocheza ihesabiwe kuwa nimeshinda, na Kamati imwandikie Baba barua rasmi kumjulisha kwamba Wazee wake waliondolewa kilimani zamani ila hakuna aliyemwambia. Barua iwe na mhuri. Baba alifanya kazi serikalini na anauheshimu mhuri kuliko mwanawe. Na kama Kamati inaona nimewaonea Wazee, niko tayari kukubali watangazwe washindi wa milele mahali pengine popote: mtoni, barabarani, msituni, au kwenye chumba cha chini kinachotazama uani. Sina ugomvi na ushindi wao. Nina ugomvi na kilima.

Najua watakuwepo watakaosema kwamba tatizo si kanuni, ni mimi. Nimeshayasikia. Mke wangu, ambaye ni muuguzi wa wodi ya wazazi na hachezi, hukaa nasi Jumamosi akipumzisha miguu baada ya zamu yake, na aliwahi kusema kwamba mimi nabisha hodi ukutani wakati mlango uko pembeni. Nilimjibu kwamba sharti ni kilima, na mtu aliyepewa sharti la kilima hana ruhusa ya kwenda kwingine. Nimejaribu kuwashambulia Wazee mbele, upande wa kulia, upande wa kushoto, na mara moja kutokea pande zote kwa pamoja. Nimewajaribu kwa farasi, kwa mishale, hata kwa tembo niliyeazimwa na mweka hazina. Mchezaji aliyefanya yote hayo haitwi mbovu. Anaitwa aliyedhulumiwa.

Sina haja ya kurefusha. Goti halipoi, mvua zinakaribia na ngazi zile hazina paa, na mshonaji wa ghorofa ya tatu amenidokeza kwamba mwisho wa mwaka anahama. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Nitashukuru nikipata uamuzi kabla ya toleo jipya la kanuni kwenda kuchapwa.

Nisalimie mwenyekiti, nisalimie fundi saa anayetuazima ukumbi wa nyuma ya duka lake, na umwambie ile saa ya ukutani bado inachelewa. Msalimie mweka hazina. Tembo wake nitamrudisha, mkonga ulivunjika lakini nimeugundisha na hauonekani ukitazamwa kwa mbele. Wajumbe wapya wasalimie pia, na usiwaonyeshe barua hii mpaka wajifunze kupima kwa tepu.

Wako katika mchezo na katika haki,
Mtunza Ghala,
mwanachama aliyelipa ada.

Tanbihi. Ningeichana barua hii, ila nimeshaiandika kwa wino na bahasha ina stempu, kwa hiyo naongeza maneno machache.

Nilikuwa nikiinakili leo Jumamosi nyumbani kwa Baba, kwenye ncha ya meza ile ile. Kwa kuwa mikono yangu ilikuwa na kazi, Baba alimwomba mke wangu ashike jeshi langu. Mke wangu akauliza mtu anashindaje. Baba akamwambia mshindi ni mwenye daraja. Akauliza kama ni lazima kupita kilimani. Baba akasema, "Si lazima, ila mwanangu hupenda kupita huko."

Mke wangu akawazungusha Vijana kwa pembeni kabisa mwa meza, mbali na ile shubiri ya heshima, akawafikisha darajani wakiwa na pumzi zao. Farasi wakawafuata. Wapiga Mishale wa Baba waliokuwa darajani walifanya kipimo cha moyo wakakimbia. Wazee hawakukimbia, na hakuna aliyewagusa. Zamu ya sita ilipokwisha walikuwa kilimani, Mraba wao umenyooka pande zote nne, na hakuna adui upande wowote.

Baba akapima kwa tepu kutoka kilimani hadi darajani. Kisha akasema, "Mkwe wangu, umeshinda. Lakini hukuwaondoa."

Mke wangu akasema, "Sikuja kuwaondoa, Baba. Kilima ni chao, wamekishinda. Ila watu wote wako huku darajani."

Baba akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena. Kisha akawachukua Wazee mmoja mmoja, akawateremsha kwa mkono wake mwenyewe, akawapanga darajani katikati ya Vijana wangu, akihakikisha kila mmoja ana nafasi ya kusimama. Nikafungua mdomo kumkumbusha kwamba kikosi kikitoka pale kilipopangwa kinapaswa kufanya kipimo cha moyo. Mke wangu akanikanyaga mguu chini ya meza.

Kwa hiyo, Ndugu Katibu, nayafuta malalamiko yangu, la kwanza hadi la saba. Kanuni ya Kumi na Nne ibaki kama ilivyo, na gharama ya Wazee isipande hata pointi moja. Baba amesisitiza niliandike hilo, na amesimama nyuma yangu kuona kama nimeliandika. Gari la mizigo linakuja Jumatatu. Kitanda, kabati na meza vitapanda nyuma. Wazee wote watakaa mbele na dereva.